Maji Mema Walipewa Mbuzi

Nina jiwe la kijani ambalo limesafiri nami kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpenda. Limelala chini ya mto wangu katika kambi za mkonge, limekaa mfukoni mwangu kwenye majengo ya Nairobi, na wakati mmoja nililisahau ndani ya koti kule Mariakani nikarudi kulifuata. Linaenea ndani ya ngumi. Pembe zake zimenyooka kana kwamba fundi alilikata, lakini hakuna fundi aliyeligusa. Lilivunjika hivyo lenyewe siku lilipoanguka juu ya mwamba. Thamani halina. Ninalibeba kwa sababu ya hasira.

Nililichimba nikiwa na miaka ishirini na kitu. Wakati huo nusu ya vijana wa Mbololo walikuwa nyikani kati ya Voi na Kasigau, wamejichimbia mashimoni, wakitafuta kito cha kijani ambacho kila mmoja alikuwa na binamu aliyewahi kukiona. Mimi nami nikakiona. Nilikiosha kwa mate, nikakifunga kwenye leso, nikatembea nacho hadi Voi nikiwa nimeshajenga nyumba kichwani na kuiezeka. Broka hakuhangaika hata na lenzi. Alichomoa kisu cha kumenyea machungwa, akalikwaruza jiwe langu, na kisu kikaacha alama.

"Kijana," alisema, "kito hakikwaruzwi na kisu cha machungwa. Hili ukilitia kwenye chai litayeyuka."

Wenzake waliokaa kwenye veranda wakacheka. Mmoja wao alitoa taa yake ndogo ya zambarau, ile ya kukagulia mawe, akalimulika ndani ya kofia. Likawaka buluu, kama moto wa gesi. Akaniambia nilihifadhi, stima ikikatika nitauona mlango. Nilipouliza linaitwaje, walisema wao huliita laghai, basi. Nikaondoka nalo kwa ukaidi tu.

Jina lake la shuleni nililijua miaka mingi baadaye, na ndipo nilipogundua kwamba nilishawahi kuliandika kwa mkono wangu. Kalsiamu floraidi. Tulikuwa kidato cha tatu, katika shule ya mlimani yenye baridi na ukungu, na mwalimu wa kemia aliandika ubaoni: kalsiamu moja, floraidi mbili, haiyeyuki majini. Tukanakili. Akaongeza kwamba floraidi hutiwa katika dawa ya meno na huimarisha meno. Tukanakili hilo pia. Darasani mwetu walikuwamo wenzetu wachache kutoka nchi tambarare ambao meno yao yalikuwa na madoa ya kahawia, kama chai iliyokaukia kikombeni. Tuliwaita Mahindi Choma. Mwalimu wa zamu alizoea kuwatoa mstarini asubuhi na kuwarudisha bwenini wakapige mswaki upya, shule nzima ikingoja. Hakuna aliyesimama pale, awe mwalimu au mwandishi wa kitabu, akaunganisha kilichoandikwa ubaoni na kilichokuwa vinywani mwa watoto walioketi mbele ya ubao huo huo. Nikiwakumbuka wakirudi mstarini, povu la dawa ya meno bado liko kwenye kona za midomo, natamani kuvunja kitu.

Dada yangu anayenifuata aliolewa chini huko huko, upande wa Kasigau. Mume wake ni mtu wa bandarini Mombasa, huja nyumbani sikukuu, kwa hiyo boma ni la dada. Sisi tulikulia kwenye maji ya chemchemi ya Mbololo, maji yanayouma meno kwa baridi, na nilipomtembelea mara ya kwanza nilimwonea huruma. Kijiji chao kilikuwa kikipata maji kwa bomba kutoka mlimani, na ndovu walikuwa wameshaijua siri hiyo. Ndovu hulinusa bomba chini ya udongo. Atalifukua, atalikanyaga, atakunywa, ataondoka zake. Bomba hilo liliunganishwa mara nyingi hadi likawa viraka kuliko bomba.

Likishavunjwa, watu walirudi kwenye kisima cha zamani kilichochimbwa kwa majembe kando ya mto mkavu. Maji yake yalikuwa magumu. Sabuni ilikataa kutoa povu, ikawa utando tu juu ya beseni. Maharagwe yalichemka kutwa na bado yakabaki kama changarawe. Sufuria iliota ukoko mweupe ndani ambao ulibanduliwa kwa kisu. Mgeni akipewa maji hayo alikunywa kwa adabu.

Kisha ikaja mashine ya kuchimba. Mtoto wa kwanza wa dada, binti, alikuwa bado ananyonya. Mashine ilichimba ikapita udongo, ikapita mwamba, na yale maji yalipopanda kijiji kizima kilishika vichwa kwa furaha. Yalikuwa laini. Ukiyashika yalikuwa yanateleza kati ya vidole, kama yameshatiwa sabuni. Nguo chache tu na povu limejaa beseni. Pure, yale mahindi yetu ya kuchemshwa na maharagwe, iliiva kabla watu hawajaanza kuulizia chakula. Mimi mwenyewe niliyanywa na kuyasifu. Pakawa na utaratibu ambao hakuna anayekumbuka nani aliuweka: maji laini ni ya watu, maji magumu ni ya mbuzi na ya kukorogea udongo wa ukuta.

Dada alizidisha hapo. Tangu utoto wetu tuliambiwa na kila aliyevaa koti jeupe tuchemshe maji, na yeye aliipokea amri hiyo kama wengine wanavyopokea ubatizo. Wageni wake waliwaambia wenzao kwamba kwa mama yule unaweza kunywa maji umefumba macho. Sufuria ya maji ya kunywa ilikaa juu ya makaa tangu chakula cha jioni kilipoepuliwa hadi makaa yenyewe yalipozimika. Kadiri maji yalivyopungua ndivyo alivyoamini kwamba yamesafika.

"Yaliyobaki ndiyo maji," alikuwa akisema. "Yaliyoondoka ni uchafu."

Meno ya kwanza ya mpwa wangu yalikuwa meupe kama ya mtoto mwingine yeyote. Ya ukubwani ndiyo yaliyotoka kama chaki, hayana mng'aro, na baadaye ile chaki ikaanza kunywa rangi, manjano kwanza halafu kahawia. Ya wadogo zake wawili waliomfuata yakawa hivyo hivyo, na ya watoto wa majirani pia. Watu walisema ni mkaa wa kusugulia meno umeisha nguvu, wengine wakasema ni pipi, wengine wakasema ni ukoo wa baba yao. Binti aliyasugua kwa mkaa. Mkaa uliposhindwa alisugua kwa majivu, kisha kwa mchanga mlaini wa mtoni, hadi fizi zikatoka damu. Mimi nilikuwa napita pale kila baada ya kibarua, nikitoka pengine nikielekea pengine, na kila nikipita nilimkuta anacheka mkono ukiwa mbele ya mdomo. Safari moja nikamkuta hachekicheki tena.

Alikuwa msichana mwepesi wa akili. Alisomea mambo ya hoteli mjini Voi, akafaulu, akaenda kuomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya watalii iliyoko nyikani. Meneja alikisifu Kiingereza chake. Kisha, kwa ule upole unaokera kuliko tusi, akamuuliza kama kwao hununua dawa ya meno. Akampa kazi ya dobi, nyuma ya jiko, ambako wageni hawafiki. Aliichukua. Alinipigia simu akanieleza yote kwa sauti tulivu, kama anayesoma risala ya mtu mwingine.

Nilikuwa wakati huo kibarua wa mashine ya kuchimba visima, upande wa Makueni. Baada ya simu ile nilikaa juu ya mabomba nikaligeuzageuza jiwe langu mkononi, maana ndiyo dawa yangu ya kutotukana. Tulikuwa na mtaalamu wa miamba na maji, mama wa makamo, mtu wa maneno machache, ambaye kazi yake ilikuwa kuonja na kupima kila kinachotoka ardhini. Akaliona jiwe. Aliniomba, akalikwaruza kwa ufunguo, akalitazama lilivyopasuka, akaniuliza nimelitoa wapi. Nikasema kwetu, Taita.

"Na watu wa kwenu wana meno gani?"

Nilidhani ananitukana. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu kwa lugha ya kambini, naye akafungua wake. Meno yake ya mbele yalikuwa na mistari ya kahawia, kama ya mpwa wangu. Alikuwa mtu wa Bonde la Ufa. Nilikuwa nimefanya naye kazi tangu masika bila kuyaona, kwa sababu naye hakuwa anacheka.

Nikamweleza habari ya yule binti. Akaniuliza maswali ambayo niliyaona ya jikoni: maji yenu yanateleza vidoleni? Sabuni inatoa povu upesi? Maharagwe yanaiva haraka? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kwa ujinga wangu nilijibu kwa majivuno. Akatikisa kichwa.

Alivyonieleza ni hivi. Jiwe hili haliyeyuki, mwalimu wangu hakunidanganya, ila alinificha neno moja: karibu. Karibu haliyeyuki. Maji yakilipitia huchukua chembe ndogo sana, na hicho kidogo sana ndicho kinacholeta balaa. Maji magumu yamejaa kalsiamu, na kalsiamu huishika floraidi kama mama anavyomshika mtoto sokoni, haiachi ikapotea. Floraidi inabaki jiweni. Lakini maji yaliyokaa chini sana kwa muda mrefu hupokonywa kalsiamu njiani na udongo wa mfinyanzi, yanapewa sodiamu badala yake. Hayo ndiyo maji laini. Mle hakuna tena wa kuishika floraidi mkono, ndipo inapotoka jiweni na kupanda na maji hadi mtungini. Haina rangi wala harufu. Haina ladha.

Nikamuuliza, na ukiyachemsha je?

"Ukichemsha unaondoa mvuke," alisema. "Floraidi haina mabawa. Inabaki kwenye sufuria na wenzake."

Nikaliona jiko la dada, makaa yakizimika polepole chini ya ile sufuria, usafi wote ule. Nikamwambia. Akaongeza jambo la mwisho, ambalo ndilo lililoniondoa Makueni. Jino la ukubwani hujengwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla halijaonekana. Floraidi kidogo humfaa mtu. Ikizidi wakati jino linajengwa, huharibu ujenzi wake, na likishajengwa halijengwi mara ya pili. Kwa mpwa wangu tulikuwa tumechelewa. Akauliza, je, nyumbani yupo mdogo?

Alikuwepo. Kitinda mimba, msichana, alikuwa na miaka mitatu.

"Basi meno yake ya mbele yanajengwa sasa hivi," alisema, "tukiwa tumekaa hapa."

Nikaacha kazi. Kuacha kazi ni jambo ninalolijua vizuri.

Nilimkuta dada anapalilia kunde. Sikungoja hata chai, nikamweleza yote pale pale shambani, na nilieleza vibaya, kwa kelele, nikichora kalsiamu kwa kijiti mchangani. Alinisikiliza jembe likiwa begani. Nilipofika kwenye kuchemsha, alikunja uso.

"Kaka, unaniambia nimewaharibu wanangu kwa mikono hii?"

Nikasema sivyo, si yeye. Akauliza ni nani basi. Akaniacha hapo na michoro yangu, akaingia jikoni akaweka sufuria juu ya makaa. Nilijua aliiweka ili niione. Mtoto alikuwa amekaa mlangoni na kikombe chake cha plastiki.

Lile swali la nani ndilo lililonipeleka kwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Ni mstaafu wa reli, mtu wa magharibi aliyekuja na kazi akaoa kwetu akabaki, na kila mtu anamheshimu, mimi nikiwemo. Alikuwa anapukuchua mbaazi. Aliniambia nikae nimsaidie, nikakaa nikapukuchua, nikamuuliza kama wale waliochimba waliwahi kusema lolote kuhusu maji yenyewe. Nilitarajia aseme hapana. Ningeondoka nikiwalaumu watu wa mbali, na kuwalaumu watu wa mbali ni raha.

Alipukuchua maganda kadhaa kabla ya kujibu. Akasema alikuja kijana mmoja wa kampuni baada ya maji kupimwa, akamvuta kando, akamwambia watoto wadogo wasiyanywe. Maneno ya mdomo tu, tena akiwa na haraka. Hema la uzinduzi wa kisima lilikuwa limeshasimamishwa, wageni wa sherehe walikuwa njiani, mbuzi amechinjwa.

"Na wewe ukafanya nini?"

"Ungewaambia watu nini, kijana wangu? Wamegombana na ndovu miaka yote ile. Hata mke wangu sikumwambia."

"Wajukuu zako wanakunywa?"

"Wanakunywa nini kingine?"

Nilisimama. Mbaazi zilizokuwa mapajani mwangu zilimwagika zote, kuku wakaja mbio, na yeye akainama kuziokota bila kuniangalia. Nimekutana na wezi na watu wa panga katika kuzunguka kwangu, lakini sijawahi kukasirika hivyo. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema aliyepewa sentensi moja ya kusema akaimeza, na kizazi kizima kikalipa kwa meno yake, kikaitwa kichafu kama wale wenzangu waliorudishwa bwenini kupiga mswaki, kikawekwa nyuma ya jiko kufua shuka. Wakati huo wote mbuzi wa kijiji, waliokunywa maji magumu kule mtoni, walikuwa na meno safi kuliko watoto wa kanisa.

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka ibadani, nilisimama chini ya paa la kanisa nikasema. Sikumtaja mwenyekiti, nilimwachia nafasi ajitaje. Hakujitaja. Nilisema maji yatumike kufulia na kuogea, mtoto mdogo anyweshwe ya mvua, na mvua ikikosa apewe ya kisima cha zamani, yachemshwe yakiwa yamefunikwa, yaepuliwe yakishachemka. Kisha mama mmoja aliuliza kama nataka watoto wanywe na mbuzi, na vicheko vikaanza. Mzee mwingine alisema, bila ubaya, kwamba mimi ni mtu wa kupita, leo niko Kasigau kesho niko Taveta, na mtu asiye na mtungi wake hawezi kuwachagulia wenzake maji. Walicheka sana kwa hilo. Nami nilikuwa sina mtungi, ni kweli. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi, akitazama viatu vyake.

Dada alitutangulia njia nzima. Tulipofika alimwita mtoto, akamimina maji kutoka sufuria ya jana.

Binti mkubwa alikuwa nyumbani siku hiyo, ni zamu yake ya mapumziko. Alikuwa amesikia yote pale kanisani akiwa kati ya wanawake. Aliweka mkono juu ya kile kikombe kabla mtoto hajakipokea. Hakukinyakua, aliweka tu kiganja juu, kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

"Mama," alisema, "haya yangu sikulaumu. Hukujua, na ulichemsha kwa kunipenda. Lakini sasa umesikia. Huyu ukimpa, nitakulaumu."

Alisema hivyo bila kuziba mdomo, meno yote nje. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza dada kuyatazama kwa muda mrefu, maana naye pia alikuwa amejizoeza kutoyaona. Alichukua kikombe akakimwaga mlangoni. Kisha akachukua sufuria nayo akaimwaga. Akaenda nyuma ya nyumba akapasua kuni nyingi kuliko zilizohitajika, na sisi tukamwacha.

Mvua zilikuwa bado mbali. Kwa hiyo niliazima baiskeli na mitungi nikawa nachota kule mtoni, kwenye kisima cha mbuzi, na wachungaji walikuwa wakinisalimu kwa kuuliza kama nimebakisha kidogo kwa ajili ya mifugo. Dada alichemsha akifunika, akaepua mara tu yalipotokota, na ule ukoko mweupe ulipoanza kurudi kwenye sufuria yake iliyokuwa inang'aa aliukwangua kwa kisu kila Jumamosi akilalamika. Maharagwe aliendelea kuyapika kwa maji laini, lakini ya mtoto aliyapika kando, kwa yale magumu, tangu asubuhi. Mimi nilipanda paani. Nilifunga mifereji ya bati pembe zote, nikaielekeza kwenye tangi lililokuwa halina kazi tangu siku za bomba, na nilikuwa bado juu ya ngazi wingu la kwanza lilipofunika mlima. Sikumbuki kukaa mahali pamoja muda mrefu hivyo tangu nitoke shule.

Tangi lilipojaa, nikaondoka. Sikufukuzwa na mtu. Nikisikia treni ya mizigo ikipita Voi miguu yangu huwasha, ndivyo nilivyo. Nilienda Taveta, nikaenda Mombasa, nikarudi mkonge. Kila nilipopiga simu nilimuuliza dada habari ya tangi kabla ya habari za watu, na yeye alinijibu kwa jeuri kwamba tangi halijambo, linanisalimu.

Mwaka huu meno ya maziwa ya mtoto yalianza kung'oka. Nikarudi. Nilikuta jino la mbele limechungulia, ncha tu, na dada hataki kulizungumzia. Binti alimshika mdogo wake kidevu akamgeuza kwenye mwanga wa mlango ili nione. Ncha ilikuwa chaki. Ile ile chaki isiyo na mng'aro. Niliinama nikatazama tena, na mtoto, ambaye alidhani namsifu, alizidi kupanua mdomo. Nilimpigia simu yule mama wa miamba. Aliniuliza ni sehemu gani hasa. Nikasema ncha. Akasema ncha ndiyo hujengwa kwanza, nitulie, ningoje lishuke.

Tukangoja. Kila asubuhi dada alikuwa wa kwanza kumfungua mtoto mdomo, na mtoto akaanza kutoza ada ya sukari guru. Jino lilishuka polepole, na siku moja kukawa na mstari. Chini ya mstari, kwenye ncha, chaki. Juu ya mstari, kuelekea kwenye ufizi, jino lilikuwa linang'aa kama kauri, jeupe, limelowa mate. Mstari wenyewe ulikuwa umenyooka kama wa rula. Binti aliupitisha ukucha juu yake taratibu.

"Hapa ulikuwa unakunywa ya mashine," alimwambia mdogo wake. "Na hapa mjomba alikuwa anapokonya mbuzi maji."

Akacheka, na mkono wake haukwenda mdomoni. Dada alitutazama sote kisha akatoka. Safari hii hakupasua kuni, alisimama tu kando ya tangi akaligonga kwa kifundo cha kidole kusikia limebaki kiasi gani.

Habari za jino zilitembea. Wiki hii mwenyekiti alikuja. Amezeeka, anatembea kwa fimbo. Aliomba kuliona, na mtoto, ambaye sasa amelizoea tamasha lake, akaketi kwenye kigoda akafungua mdomo bila hata kudai sukari. Mzee aliinama akatazama kwa muda mrefu sana. Aliponyooka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mjukuu wake wa mwisho ndiyo kwanza ameanza kutembea, na paa lake ni la bati zuri, na kama nina nafasi nikapime mifereji. Tena nikienda jioni itakuwa vizuri, watu wakiwa wameshaingia ndani.

Hapo hasira yangu yote ilirudi, mbichi kama siku ya mbaazi. Nilitoa jiwe mfukoni nikamwekea kiganjani. Nikamwambia mifereji nitaifunga, na ngazi ninayo, na sitaki chochote kwake. Lakini sitapanda paa lake jioni. Nitapanda Jumapili mchana, baada ya yeye kusimama mbele ya kanisa na kuwaambia watu kile alichoambiwa na yule kijana siku ya sherehe, kwa maneno yale yale, ili kila mwenye mtoto ajue kwa nini mwenyekiti anataka maji ya mvua.

Alilipima jiwe mkononi. Aliuliza kama ndilo lenyewe, nikasema ndilo. Akasema ni jepesi kuliko alivyodhani. Kisha akaondoka nalo, hakunirudishia, nami sikumdai.

Ngazi nimeiegemeza ukutani. Treni imepita mara nyingi tangu siku ile, na mimi bado niko hapa, naingoja Jumapili.